Miaka yangu ya bandarini mnaihesabu sifuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki iliyopita aliwashauri wote waliopunguzwa kazi "wakajifunze kompyuta, waandike programu, ajira ziko huko". Sina ugomvi naye. Kujifunza nimejifunza. Programu naandika na zinafanya kazi. Ila hiyo habari ya ajira kuwa huko imenikereketa, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokwenda huko, na mpaka leo niko mlangoni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, mkazi wa Mbagala. Kwa zaidi ya miaka kumi nilifanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini, kazi ambayo mtaani tunaiita kutoa mizigo. Diploma yangu ni ya biashara. Nina pia cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kile kinachosomewa Chuo cha Kodi. Mwaka 2014 mfumo wa kompyuta wa forodha uitwao TANCIS ulipochukua nafasi ya ule wa zamani, ASYCUDA++, ofisi yetu ilichanganyikiwa. Kaka zetu waliokuwa wakijaza dekleresheni, yaani hati za kutangaza mizigo forodhani, huku wakipiga soga wakajikuta hawajui hata pa kubofya. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, wa kutumwa chai, na mimi ndiye niliyewakalisha mmoja mmoja jioni nikiwaonyesha.

Baadaye nikaanza kuichokonoa Excel. Kontena likishuka lina siku zake za bure. Zikiisha, stoji, yaani tozo ya kuhifadhi mzigo, inaanza kuhesabiwa, iwe bandarini au bandari kavu. Kampuni ya meli nayo ina demareji yake, tozo kwa kontena ambalo halijarudishwa tupu kwa wakati. Hesabu hizi mbili hazianzi siku moja wala haziishi siku moja, na mwenye mzigo huwa anadhani ni kitu kimoja mpaka siku anapoletewa ankara mbili. Basi nikatengeneza faili ambalo mstari wa kontena unageuka njano siku za bure zikikaribia kuisha, na nyekundu zikiisha. Bosi aliliona siku moja kwa bahati, akaamuru kila mtu alitumie. Faili lile nadhani bado linatumika pale, mimi sipo.

Ofisi ilipopunguza watu nami nikawamo. Sikukimbilia kuomba kazi ya aina ileile kwa jirani. Nilikuwa tayari nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa masomo ya bure ya freeCodeCamp, yale yaliyoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, ambaye naye alikuwa msimamizi wa shule kabla ya kujifunza programu ukubwani. Hilo lilinipa moyo, sifichi. Nikasoma usiku kwa bando la usiku, watoto wamelala, umeme ukiwepo. Mama mkwe wangu alivyoniona nimeinamia kompyuta saa nane za usiku akamwuliza mwanawe faraghani kama sijaingia kwenye ile michezo ya upatu wa mtandaoni inayomaliza pesa za watu. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Alimjibu kwamba nasoma ufundi wangu. Namshukuru kwa neno hilo mpaka leo.

Python ikanifungulia, nikaongeza JavaScript, nikajifunza hifadhidata, nikajifunza Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu. Sitasema ilinichukua miezi michache kama wanavyosema matangazo ya kozi za mtandaoni, maana ni uongo. Ilichukua muda mrefu, na kuna mambo niliyoyasoma mara tatu ndipo yakaingia. Lakini yaliingia.

Sasa nije kwenye ajira.

Matangazo yenyewe unayajua, Mhariri, mengine yanapita kwenye gazeti lako. Nafasi inaitwa ya ngazi ya kuanzia, kisha chini yake: shahada ya sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu, uzoefu usiopungua miaka mitatu, umri usiozidi 30. Mtu wa kuanzia mwenye miaka mitatu ya kazi! Mshahara hautajwi kamwe, umeandikwa kuwa ni "mnono" au "wa ushindani". Nimeomba nyingi. Nyingi hazikujibiwa, na hilo nimelizoea, mjini hapa kimya ni jibu.

Lakini kuna usaili mmoja naomba niueleze, kwa sababu ndio ulionifanya niandike barua hii. Kampuni ni ya hapa Dar es Salaam, jina naliacha. Inatengeneza mifumo, na mfumo waliokuwa wakiujenga wakati huo ulikuwa wa mawakala wa forodha. Niliposoma tangazo nilisema, leo Mungu amenikumbuka.

Jopo lilikuwa la vijana watatu. Mmoja alinipokea na shikamoo, nikajua umri wangu umeshaingia chumbani kabla ya vyeti vyangu. Wakanipa ubao na kalamu, nipange orodha ya namba kutoka ndogo hadi kubwa bila kutumia amri iliyokwisha kuwekwa ndani ya Python. Nikapanga. Wakaniuliza ikiwa namba ni milioni moja itakuwaje, nikawaeleza kwa nini njia ile itakuwa polepole na ipi ni bora. Walitikisa vichwa, nikaona nimevuka. Kisha wakanionyesha kwenye skrini sehemu ya mfumo wao, wakitaka nitoe maoni. Ilikuwa fomu ya kuingiza kontena. Kulikuwa na kisanduku cha namba ya kontena, na unaweza kuandika humo chochote. Nikaandika jina la mwanangu. Likapokelewa.

Nikawauliza, "Hamkagui tarakimu ya mwisho?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Dada, mtumiaji ataandika kwa usahihi."

Wasomaji wasiojua bandari naomba wanivumilie kidogo hapa. Namba ya kontena haiandikwi ovyo. Ina herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho ambayo kazi yake ni kuzikagua zile zilizotangulia. Huo ni utaratibu wa dunia nzima, unaitwa ISO 6346. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea, ila 11, 22 na 33 zinarukwa. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unakwenda unarudufu hivyo mpaka ya kumi, ambayo unaizidisha kwa 512. Unajumlisha zote, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Kikibaki 10, inaandikwa 0.

Nikachukua kalamu yao nikawaandikia namba ambayo hutumika sana kufundishia, CSQU3054383. Jumla yake inakuja 6,185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3, na tarakimu ya mwisho ni 3. Safi. Kisha nikabadilishana nafasi za 4 na 3 katikati, kosa ambalo karani aliyechoka hulifanya kila siku, ikawa CSQU3053483. Jumla ikawa 6,313, inabaki 10, maana yake mwisho ilipaswa kuwa 0. Pale pana 3. Programu inakataa papo hapo, karani anarekebisha, maisha yanaendelea. Ni mistari isiyofika ishirini.

Bila mistari hiyo kinachotokea nakijua vizuri. Namba iliyokosewa kwenye dekleresheni haioani na ya kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli. Mzigo unakwama. Ikiwa kosa liko kwenye manifesti yenyewe ndio balaa zaidi, inabidi kuomba marekebisho, barua itoke huku iende kule, mtu wa kusaini yuko mkutanoni, na muda wote huo stoji haisimami kumsubiri mtu. Nimewahi kusimama kaunta na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa anatetemeka kwa hasira juu ya herufi moja. Herufi moja tu, Mhariri, U imeandikwa V.

Nilipomaliza kueleza, aliyekuwa katikati, nadhani ndiye mkubwa wao, akafungua tena wasifu wangu na kusema kwa upole kabisa: "Asante dada, umetueleza vizuri. Ila hapa kwenye uzoefu naona mambo ya bandari tu. Kwa hiyo kwenye tasnia huna uzoefu kabisa?"

Sikupata kazi ile. Sina kinyongo na vijana wale, walikuwa na adabu na walinijibu, tena kwa maandishi, jambo ambalo wengine hawalifanyi. Nilichobaki nacho ni lile neno "kabisa". Wanajenga mfumo wa mawakala wa forodha. Mbele yao kuna wakala wa forodha anayejua kuandika programu. Wanamwambia uzoefu wake ni sifuri.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na ningependa waajiri waisome bila kuruka. Mtu anayehama fani haachi kichwa chake kule alikotoka. Nesi anayejifunza kuandika programu anajua kwa nini daktari hatajaza fomu yenye visanduku arobaini wakati foleni iko nje. Mhasibu anajua kwamba ankara haifutwi, inarekebishwa kwa hati nyingine, na mfumo unaoruhusu kuifuta utamletea mkaguzi. Mwalimu anajua mtandao wa shule ya kata ukoje. Haya hayamo kwenye masomo ya programu, na kumfundisha mtu aliyetoka chuo moja kwa moja huchukua miaka na fedha za mteja.

Niongeze mfano mwingine wa kwetu, kwa kuwa huu unamgusa kila anayeagiza gari. Chukua gari la cc 1,500 ambalo thamani yake mpaka kufika bandarini, pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini hiyo ni asilimia 5, lakini haukatwi kwenye ile milioni 10, unakatwa baada ya kujumlisha ushuru wa forodha, kwenye 12,500,000, hivyo unakuwa 625,000. VAT ya asilimia 18 nayo inakaa juu ya vyote, juu ya 13,125,000, inakuja 2,362,500. Jumla ni 5,487,500, bado tozo nyingine ndogo ndogo, na gari likiwa limezeeka kuna tozo ya uchakavu. Asiyejua anajumlisha 25 na 5 na 18, anapata 48, anamwambia mteja milioni 4.8. Tofauti ni 687,500. Hiyo ni ada ya mtoto.

Siku hizi watu wananiambia, dada unajisumbua, akili mnemba imekuja, programu zinajiandika. Sawa. Niliiomba mojawapo iniandikie kikokotoo cha ushuru wa gari. Iliandika kufumba na kufumbua, kazi nadhifu, maelezo yamepangwa vizuri, na VAT ikaikata kwenye milioni 10 peke yake. Nilipoiambia imekosea ikaomba radhi na kurekebisha. Nani angeiambia kama si aliyewahi kulipa? Mimi naona kadiri mashine inavyozidi kuandika, ndivyo anayeijua kazi yenyewe anavyozidi kuhitajika mezani. Waajiri wetu wamelisoma jambo hili kinyume: wanapunguza nafasi za wanaoanza, na chache zinazobaki wanawapa wenye vyeti vinavyofanana.

Na kuna jambo la viwango. Viwango vya kodi hubadilika na bajeti, Julai Mosi. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja, asilimia 35, juu ya vile vitatu tulivyovizoea vya 0, 10 na 25. Mfumo ambao aliyeutengeneza alivipigilia viwango vitatu ndani ya programu ilibidi ufunguliwe upya. Mimi kwenye kazi zangu viwango vinakaa kwenye jedwali, kila kimoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa sababu mzigo uliosajiliwa Juni na unaoulizwa Agosti lazima urudi na kiwango cha Juni. Hakuna somo lililonifundisha hivyo. Nilifundishwa na wiki za mwanzo za Julai, tukikesha ofisini na chipsi za kuletewa, simu za wateja hazikomi.

Tuje kwenye majaribio ya nyumbani. Ukipita usaili wa kwanza unapewa kazi ukafanyie kwako. Kupimwa ni haki yao. Saa mbili tatu, kijikazi kidogo waone mkono wako, hapo sina neno. Lakini kuna kampuni, hii nayo jina naliacha, iliyonitaka nitengeneze ukurasa mzima wa kufuatilia mizigo: mteja ajisajili, aingie, aone kontena lake lilipo, apate namba ya malipo, apokee ujumbe wa simu mzigo ukitoka. Nilikesha juma zima. Nikatuma. Wakanipigia mara moja kuuliza swali juu ya sehemu ya ujumbe wa simu, imeunganishwaje. Nikaeleza. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena.

Siwatuhumu kwamba wameitumia kazi ile, sina ushahidi. Nasema tu kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na mimi sikusaini mahali popote kuwapa yangu. Vijana wanaotafuta kazi wengi hawalijui hilo. Jaribio likizidi siku moja, uliza litalipwa kiasi gani, na uliza kazi ikikataliwa itabaki kuwa ya nani. Anayekasirika kwa swali hilo amekuokolea muda.

Kuhusu umri niseme kwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, umri umetajwa humo, na mwombaji wa kazi naye amehesabiwa. Hata matangazo ya nafasi za serikali huweka ukomo kwenye miaka 45. Hii 30 ya kampuni binafsi za programu imetoka wapi? Wanasema vijana hujifunza haraka. Mimi nimejifunza nikiwa na ujauzito wa mtoto wa pili, sasa haraka ipi tena wanayoitaka.

Nitakuwa sijatenda haki nisipowapa waajiri yao. Najua wanachokiogopa. Vyeti vya kozi za mtandaoni vimejaa, mtu anaangalia video anabofya "nimemaliza" anapewa cheti. Wapo wanaonakili kazi za watu kwenye GitHub, ghala la programu mtandaoni, wakabadilisha jina juu. Shahada ya chuo kikuu angalau ina anayeisimamia. Mwenye kampuni ndogo ya watu sita hawezi kumpima kila anayedai anajua. Kwa hiyo anachukua njia ya mkato, anaandika "shahada ya sayansi ya kompyuta" na kulala.

Lakini tatizo hilo nchi hii imeshalikuta kwingine na ikapata njia. Fundi magari aliyejifunza gereji, fundi uashi aliyeanza kwa kubeba zege, mpishi wa hoteli ambaye hakukanyaga chuo, wote hao VETA huwapima kwa vitendo wanachokijua na kuwapa cheti kinachotambulika, kwa mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mume wangu ana marafiki waliopita humo. Mtu hasomi upya, anaonyesha kazi. Naomba wahusika wafikirie kufungua dirisha kama hilo kwa waandishi wa programu. Mtihani wake si mgumu kuupanga: mpe mtu mfumo wenye hitilafu, umkalishe chumbani siku moja na kompyuta isiyo yake, umwone anavyoitafuta hitilafu, anavyoirekebisha, anavyoandika maelezo ya alichokifanya. Aliyenakili atajulikana kabla ya saa sita mchana.

Wakati tukilisubiri hilo, kuna ambayo mwajiri anaweza kuyafanya kesho bila sheria mpya. Aseme kwenye tangazo mfumo ni wa nini, wa hospitali, wa saccos, wa mabasi ya mikoani, wa mizigo, halafu aandike kwamba aliyewahi kufanya kazi hiyo atapewa kipaumbele akiwa anajua programu. Atashangaa watakaojitokeza. Kwenye jopo la usaili amweke mtu mmoja anayeijua kazi inayowekwa kwenye kompyuta, hata akiwa ni mteja wake. Laiti pale kwenye ule usaili wangu angekuwepo karani mmoja tu wa bandarini, mazungumzo yangekuwa mengine. Na kama ana wasiwasi nami, anichukue kwa majaribio yenye mshahara, hata mdogo, sheria inamruhusu, kuliko kunipa kazi ya bure ya juma zima kisha azime simu.

Kwa msomaji mwenzangu wa wiki iliyopita, nina ombi. Ukimshauri mtu aliyepunguzwa kazi ajifunze programu, mwambie asianze kwa kujifuta. Nilipoanza niliambiwa niondoe kwenye wasifu wangu mambo yote ya forodha, nisionekane nimepotea njia, nikayaondoa, na maombi yakaenda kimya vilevile. Sasa nimeyarudisha, tena juu kabisa, kabla ya Python. Mwenye duka la dawa aandikie maduka ya dawa. Aliyekuwa konda ajue kwamba hakuna kijana wa chuo anayeelewa kuliko yeye kwa nini tiketi za kielektroniki zinawashinda makondakta. Kazi ya kwanza mara nyingi haitoki kwa mgeni aliyeweka tangazo, inatoka kwa mtu aliyekuona ukifanya ile ya zamani.

Mimi mwenyewe ndivyo ilivyokuwa. Kazi ya kudumu sijapata, lakini mawakala wawili wa Kurasini, ambao tulikuwa tukipangana foleni moja kaunta, wananilipa kwa mwezi kwa mfumo mdogo niliowatengenezea. Unakagua namba za kontena, unahesabu siku za bure, unawatumia ujumbe asubuhi kuwaambia mizigo ipi itaanza kuliwa na stoji kesho. Malipo yake yanatosha bando, umeme, na sehemu ya ada. Hayatoshi kuitwa mshahara, na kazi ya peke yako haina wa kukukosoa, ndiyo maana bado naitafuta ofisi yenye watu wanaojua kuliko mimi.

Mwajiri yeyote atakayependa kuniita, namba yangu ya simu umenayo wewe Mhariri. Jumatatu mpaka Alhamisi napatikana muda wowote, Ijumaa baada ya saa nane. Namwomba tu atangulize mambo mawili kwenye ujumbe wake: mfumo ni wa nini, na mshahara ni kiasi gani.

Wakala wa forodha wa zamani,
Mbagala, Dar es Salaam.
(Jina limehifadhiwa.)